Sare ya Habib

Jumamosi moja baada ya magharibi, Kaltumu alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake Mbugangari, akipima upindo wa gauni la binti yake Igihozo, pini mdomoni, mumewe Habib alipoingia amevaa sare ya kijeshi. Habib alikuwa amekufa tangu mwaka wa mabomu, na jioni nyingi alirudi nyumbani kukaa kidogo, kwa hiyo si kuja kwake kulikomfanya Kaltumu azitoe pini mdomoni. Ni viatu. Vilikuwa na matope, na mkeka ulikuwa umefuliwa asubuhi.

"Vua ile viatu," alimwambia.

"Siko mi nilivivaa," Habib akajibu. "Nimejikuta navyo tu."

Alijaribu kuvivua, vikakataa. Bunduki aliyokuja nayo aliiegemeza ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayetunza mwavuli wa mgeni, kisha akaketi mahali pake karibu na cherehani. Igihozo alimsalimia baba yake, akampa chai. Hakuinywa, kama siku zote.

Habib alikuwa fundi wa nguo maisha yake yote. Siku aliyokufa, vita vilikuwa ng'ambo, Goma, na watu wa Gisenyi walivisikia kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani. Alitoka uani kuanua mashati ya shule, maana wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima. Bomu likavuka mpaka, likamkuta na mashati mkononi. Walimzika siku hiyohiyo. Kabla ya arobaini alikwishaanza kurudi, na shati lake jeupe la Ijumaa, na hakuna aliyeshangaa. Hata marehemu mama wa jirani yao Mukandutiye alikuwa akirudi kila maharage ya Kanama yanapoingia sokoni, akasaidia kuchambua.

Sare ilikuwa jambo jingine. Asubuhi yake Igihozo aliitafuta sababu, na hakwenda mbali. Ilikuwa kabatini, ndani ya bahasha iliyofika kutoka Ulaya wiki ile.

Kilikuwa kitabu cha Rugwiro. Rugwiro alikuwa mtafiti wa vita, mtoto wa wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, mwenye Kiswahili cha Bukoba kilichowafanya wanawake wa mtaa wamchekee kwa upendo. Msimu mzima wa mvua alikaa kwenye chumba cha nyuma cha Kaltumu. Alikula kwake. Alipougua malaria ni Kaltumu aliyemlaza na kumkanda kwa maji. Alikuwa akizunguka na kinasa sauti chake, kule mpakani Petite Barrière na huku Nyakiriba, akiwauliza watu nani alikufa na alikuwa akifanya nini. Jioni alimsimulia Kaltumu alichosikia, naye Kaltumu akamweleza nani amesema kweli na nani ameongeza chumvi.

Siku moja kinasa sauti kikiwa kimezimwa, wakimenya viazi, Kaltumu alimwambia neno ambalo hata ndugu zake hawakulijua. Kwamba wanaume wa mlimani, wenye silaha, waliwahi kumjia Habib wakamwekea suruali mezani apunguze urefu. Kwamba alizipunguza kwa woga, sindano ikamchoma kidole, na kwamba kwa muda mrefu hakuweza kula vizuri.

"Ile usiandike," alimwambia. "Nimekuambia kama mudogo wangu."

"Naapa, dada," Rugwiro akasema, machozi yakimlengalenga.

Igihozo alimsomea mama yake ukurasa ule, akiutafsiri kwa Kiswahili polepole. Kitabu kilisema kwamba vita vya ukanda huu haviishi kwa sababu vinalishwa uani, na watu wadogo wanaohesabiwa kuwa raia. Mfano wake mkubwa ulikuwa fundi mmoja wa mpakani, mfuasi wa kikundi chenye silaha, aliyewashonea wapiganaji na kuuawa akiwa kazini. Jina halikutajwa. Lakini ua ulikuwapo, na kamba, na mashati. Kwenye ukurasa wa kwanza Rugwiro alikuwa ameandika kwa mkono wake: Kwa dada yangu Kaltumu, bila wewe kisingekuwapo.

Kaltumu alikifunga kitabu, akarudi kwenye gauni.

Gauni lilikuwa la siku ya kuja wakwe. Mzee Faradji, muuza vipuri, alikuwa anamposea mwanawe. Walifika alasiri na soda na sukari, wakapokewa vizuri, maneno yakaenda vizuri, mpaka jua likashuka na Habib akaingia kuitika kama baba wa binti. Faradji alisimama kumpa mkono. Alimjua Habib tangu utoto. Kisha akaiona sare, mkono ukarudi.

"Kumbe ulikuwaka upande ule," alisema.

"Hapana, muzee mwenzangu," Habib akasema. "Ni kitabu."

Faradji hakuketi tena. Mdogo wake mwenyewe alikuwa amechukuliwa barabarani na watu wa mlimani, na hakuwahi kurudi, hata jioni.

"Bon," alisema. "Mi siwezi, Mama Igihozo. Unisamehe. Siwezi kukaa na ile nguo ku meza moja."

Wakaondoka kwa adabu, wakaacha sukari. Igihozo alivua gauni, akalikunja. Hakulia mbele ya baba yake. Tangu siku hiyo wafu wengine wa mtaa walihama upande wa pili wa njia Habib alipopita, na kiongozi wa mtaa, Mukantwari, alikuja kuomba kwa heshima kwamba aliye na silaha, hata akiwa marehemu, asikae barazani.

Habari zikaja kwamba Rugwiro yuko mjini, kwenye mkutano wa wasomi katika hoteli moja ya ufukweni. Kaltumu alivaa kitenge chake kizuri akaenda, akamkuta kwenye ukumbi, wakati wa mapumziko, ana kikombe mkononi na beji kifuani.

"Dada Kaltumu!" Alimkumbatia kwa furaha ya kweli. "Umekipata kitabu?"

"Habib iko anakuja na tenue ya wapiganaji," Kaltumu akasema. "Na bunduki. Uchumba ya mutoto imekufa. Mi nilikuambia usiandike."

Rugwiro aliweka kikombe chini. Hakukana.

"Sikuandika jina, dada."

"Yeye alijijua. Na ua, na kamba, na mashati vilimujua."

"Nisikilize kidogo. Kwenye jedwali letu kila marehemu lazima awe raia au mpiganaji. Nafasi ya fundi aliyeogopa haipo. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Lakini bila Habib, hoja yote ilikuwa inaanguka."

"Basi ianguke."

"Haiwezi tena," Rugwiro alisema, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Wengine wameshajenga juu yake. Wananinukuu mimi, na wengine wanawanukuu wao. Nikimtoa Habib, watasema hata waliobaki ni wa uongo."

"We nilikukanda na maji," Kaltumu alisema. Rugwiro akamtafutia kiti nyuma ya ukumbi.

Kikao kiliendelea hadi jua kuzama, na Habib akaingia ukumbini, akaketi nyuma kabisa karibu na mkewe, bunduki magotini. Mwenyekiti, mama mwenye mvi kutoka chuo cha mbali, alimtambua kutokana na kitabu. Alisema ni nadra mkutano kupata chanzo chenyewe, akampa kipaza sauti. Habib alisimama.

"Mi niko fundi wa nguo," alisema. "Nilikuwa natoa mashati ku kamba, maana mvua ilikuwa inakuja. Bomu ikaanguka. Ni ile tu."

Ukumbi ulimsikiliza kwa makini sana. Kijana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono, akasema ushahidi huu una thamani, kwani unathibitisha sura ya nne: wapiganaji wa aina hii hukana hata baada ya kufa. Watu wengi waliandika. Rugwiro naye, baada ya kusita, aliandika. Kisha wakapiga makofi, na mwenyekiti akamshukuru Habib kwa ujasiri wake.

Kaltumu na Habib walirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa. Askari waliokuwa doria walimpigia Habib saluti, naye hakujua la kufanya na mkono wake.

Kitabu kilichapwa mara ya pili, na makofi yale yalikuwamo. Mwanazuoni wa nchi nyingine alimsoma Rugwiro vibaya kidogo akaandika kwamba yule fundi alikuwa kamanda. Ramadhani ilipoingia, Habib alifika na nyota begani. Igihozo alikuwa amekwenda kufanya kazi Kigali, na mtoto wa Faradji alikuwa ameoa kwingine. Kaltumu alifuturu peke yake, mumewe akimtazama, akijikuna.

"Nini?" mkewe alimwuliza.

"Inanibana hapa chini ya kwapa."

Kaltumu alisogea akaangalia mshono. Ulikuwa mbaya, kazi ya mtu asiyemjua mvaaji. Akachukua mkasi, akawasha taa, akamwambia ainue mikono. Habib akainua yote miwili juu, kama mateka, akabaki hivyo mpaka mkewe alipomaliza kuifumua na kuipanua ile sare.