Koti Lililofuliwa

To. To. To. Maji yalidondoka kutoka kwenye koti yakaingia ndani ya beseni la bati, tone moja moja, bila haraka. Nje bado giza. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, kikombe cha chai kiganjani, akiisikiliza sauti ile kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. Vidole vilimuuma, lakini moyo ulikuwa mweupe.

Koti lile mjukuu wake alikuja nalo jana jioni, amechoka hata viatu vilimshinda kuvua. Tangu utotoni walimwita Siafu, kwa kuwa hakujua kukaa. Alikuwa mtunza nguo za waigizaji wa filamu, na siku hizi alirudi nyumbani kama shuka lililokamuliwa.

"Lina kazi hili, Bibi," alisema, akiweka mfuko juu ya kiti. "Nitalishughulikia asubuhi." Akajitupa kitandani.

Bibi alilitoa koti akashika tama. Limechanika mgongoni, limechanika mifukoni, limeganda matope na masizi. Kifuani palikuwa na doa jekundu la rangi. Ndani ya bega akakuta doa jingine, la kahawia, gumu kama gamba. Hilo alilisugua kwa maji baridi na chumvi, polepole, akashonea juu yake kipande cha blanketi laini. Kisha akaziba kila mpasuko mpaka macho yakamgomea. Akalala kidogo, akaamka, akalifua.

"Bibi, nini hicho kinadondoka?" Siafu alisimama mlangoni, jicho moja bado limefumbwa.

"Koti lako, mwanangu. Limetakata! Sasa hata harusini unalivaa."

Siafu hakupiga kelele. Aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, na hapo ndipo Bibi alipoogopa.

"Lilikuwa na kazi ya kifungo, Bibi. Kifungo kimoja tu."

"Na uchafu wote ule?"

"Uchafu ule niliupaka mimi."

Alivuta begi lake akatoa kitabu cha michoro, kurasa zimekunjika pembe. Filamu yao ilitoka humo. Kilisimulia mji ambao watawala wake wamepiga marufuku usingizi, na mwanamume anayeruka juu ya mapaa akiwaficha watu ili walale. Kwenye kila ukurasa alikuwa amevaa koti lile, na kila mpasuko ulikuwa umechorwa mahali pake.

"Jana tumempiga picha akiruka. Leo anatua. Ataruka na matambara, atue na koti la harusi?"

"Hakuna jingine?"

"Yameungua kwenye tukio la moto. Na mimi nimeshaonywa, Bibi. Nilisinzia nikapoteza kiatu cha mwigizaji mkuu. Mwongozaji alisema nikikosea tena, nisirudi."

Bibi alitazama chai yake iliyopoa. "Mji uliokatazwa kulala," akasema. "Ni wa kwenye kitabu, au ni huo mnaofanyia kazi?"

Siafu alitaka kucheka, kikatoka kikohozi.

Bibi akainuka kwa kushika goti. "Leta mkasi na wembe. Aliyeshona ndiye anayejua pa kufumua. Twende wote."

Filamu ilipigwa kwenye kiwanda cha zamani kisichokuwa na madirisha. Kulipopambazuka walikuwa wamekaa ngazini, koti mapajani, bado bichi. Bibi alifumua uzi baada ya uzi. Siafu alilinganisha na picha kwenye simu yake, akakoroga majivu na majani ya chai ndani ya kopo, na rangi nyekundu ya kifuani kwenye kifuniko chake.

"Paka, Bibi."

"Napaka."

"Hapo unapapasa. Paka!"

"Mkono unakataa, mwanangu. Maisha yangu yote umefundishwa kutoa uchafu."

Safari hii Siafu alicheka kweli, na machozi yakamtoka humohumo. Bibi akamfuta kwa mkono wenye majivu, akamwachia mstari mweusi shavuni.

Walipofika begani, Bibi aliweka wembe chini. "Hapa sifumui."

"Bibi, tafadhali."

"Kifuani ilikuwa rangi. Hapa ilikuwa damu ya mtu. Koti hili analivaa nani?"

Siafu alilitazama lile bega. Mwigizaji mkuu alilivaa akisimama na kusema. Wa kuanguka alikuwa mwingine, kijana mpana waliyemwita Gunia, kwa jinsi alivyotua. Kila siku aliangushwa, kila siku aliinuka akipunga mkono, na hakuna aliyemuuliza.

"Mkanda wa kumning'iniza," Siafu alisema taratibu. "Unapita hapo. Hajasema kitu."

"Mtu akiitwa Gunia ataanza kusema lini?"

Ndipo Mwongozaji akaja, mama mwembamba mwenye miwani kichwani, akiitafuta miwani hiyohiyo. Siafu alisimama. Angeweza kukaa kimya, koti lilikuwa limekaribia kufanana. "Mama, lilifuliwa," akasema. "Nililiacha nyumbani bila kusema lisifuliwe."

"Nimefua mimi," Bibi akadakia. "Huyu alikuwa amelala. Alistahili kulala."

Mwongozaji alilinganisha koti na ukurasa wa kitabu. Aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, mpaka Siafu akaanza kukunja kitambaa chake cha kazi, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Doa la kifuani limehama," Mwongozaji akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Leo tunampiga picha kwa nyuma. Kesho litakuwa limerudi mahali pake." Alichovya kidole ndani ya kopo la majivu akapaka ukosi mwenyewe. "Hapa palikuwa pachafu zaidi." Aligusa blanketi begani kwa ndani, akamwangalia Bibi, akaliacha. Alipofika mbali aligeuka. "Siafu! Tukimaliza tukio hili kalale. Hivi, miwani yangu umeiona?"

"Iko kichwani, Mama."

Tukio lilichelewa, kama kila kitu pale. Gunia alivaa koti, akafungwa mkanda, akapanda juu ya paa. Chini walipanga maboksi na magodoro. Bibi alimshika Siafu mkono na kufumba macho. Kishindo kikatikisa sakafu.

"Ameinuka?"

"Ameinuka, Bibi. Fumbua."

Alikuwa akija kwao, vumbi mpaka kwenye kope, akichechemea kidogo. Alikaa ngazi ya chini yao akalivua koti kwa uangalifu, akapitisha kidole gumba juu ya kile kipande cha blanketi.

"Nani kaweka?"

"Huyu hapa, Bibi yangu," Siafu alisema. "Na mkanda nimewaambia waufunge upya. Ungesema, kaka."

"Ningesema nini? Kwamba kuanguka kunauma?" Alicheka peke yake, kisha kicheko kikaisha na uso ukabaki na uchovu wake. Bibi alimmiminia chai iliyobaki kwenye chupa, akampa kwa mikono miwili. Akainywa yote. Siafu alikuwa tayari amesinzia, kichwa kimelala begani kwa bibi yake, na Bibi na Gunia wakapunguza sauti.

"Bibi, kesho naanguka tena."

"Pole, mwanangu."

"Hapana, siyo hivyo. Nauliza kama utakuja." Alimrudishia kikombe. "Uje tu. Hata kama hakuna cha kushona."