Nitoe Kwenye Filamu Yako

Pale studio kila mtu alijua kwamba ukitaka siku yako iharibike mapema, uwakute Kufuli na Mkasi kwenye chumba kimoja. Walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na damu zao hazikupatana hata kidogo. Mkasi, kaka mkubwa, alikuwa mhariri wa filamu, mwepesi wa kukata na mwepesi zaidi wa kutukana. Kufuli, dada yake mdogo, ndiye aliyeunda programu waliyoitumia kuhariri kwa pamoja. Jina alipewa na wafanyakazi, kwa sababu kila alipoamka alikuwa na njia mpya ya kumfungia mtu kitu. Na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu.

Programu yake waliiita Ghala. Picha na sauti zote za studio zilikaa humo, na kila mhariri alizifikia bila kuondoka mezani kwake. Ilikuwa kazi nzuri, hata wasiompenda walikiri. Ila ukiichunguza ungeona kila kitufe kimezaliwa na ugomvi. Mkasi alipenda kuingia kwenye kazi za wenzake na kuzigusagusa, basi ukifungua kazi yako Ghala liliifunga kwa jina lako, wengine wakabaki kutazama, na kila aliyetazama jina lake lilionekana. Mkasi alikuwa akificha matoleo yake ya zamani kwenye pipa la taka ili ayafufue baadaye, basi Kufuli akaling'oa pipa la taka. Kilichofutwa kilifutika, hata kwenye nakala ya akiba. Mkasi alibadilisha filamu mpaka mteja akiwa mlangoni, basi Ghala likawa halitoi filamu yoyote kabla mradi haujafungwa. Na mradi haukufungwa mpaka kaka na dada wote wawili wabonyeze Kubali, kila mmoja kwa nywila yake. Hapo klipu zote ambazo hazikutumika kwenye toleo lolote zilifagiliwa, nafasi ikapatikana kwa kazi nyingine.

"Umejenga jela," Mkasi alisema siku ya kwanza alipoonyeshwa.

"Nimekujengea wewe," dada yake alimjibu. "Karibu ndani."

Studio ilikuwa ya mama yao. Alikuwa mshika kamera tangu ujana wake, na akirekodi hakufungua mdomo. Ukiongea nyuma ya kamera yake alikutoa nje, hata kama wewe ndiye bwana harusi. Kwa hiyo koo lake lilipougua, na daktari akasema operesheni itamwokoa lakini itaondoka na sauti, watoto wake walitafuta kote na hawakupata hata sentensi moja ya mama. Video zake za zamani zilikuwepo, lakini bubu, zimerekodiwa bila sauti.

Siku moja kabla ya operesheni wakamkalisha kwenye kochi la studio, wakasimamisha kamera mbele yake, nao wakakaa mmoja kulia, mmoja kushoto. Mama akaongea. Alisimulia alivyopata kamera yake ya kwanza, akawatania, akawaita kwa majina yao ya utotoni, akacheka mpaka machozi. Nao, kwa kuwa hawajui kunyamaza, wakamdakia kila neno na kubishana juu ya kichwa chake. Sauti tatu zilichanganyika humo kama unga na maji. Klipu ikaingizwa Ghalani, kadi ya kamera ikafutwa na kupelekwa kwenye kazi nyingine, kama ilivyokuwa desturi.

Operesheni ilikwenda vizuri. Wakakubaliana kwamba mama akiruhusiwa kurudi nyumbani atakuta filamu ya maisha yake, na ndani yake ataisikia sauti yake mwenyewe. Kukubaliana kwenyewe kuliishia hapo. Filamu moja iliwashinda, kila mmoja akaanza toleo lake ndani ya mradi uleule.

Kufuli alipofungua toleo la kaka yake kulitazama, klipu ya kochi alikuta imekuzwa mpaka yeye amebaki bega. Kila alipotakiwa kusikika, sauti ilikuwa imezamishwa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Mkasi.

"Umenifanya bega."

Mkasi hakugeuza shingo. "Hilo bega nimeliacha kwa heshima ya mama."

"Na sauti yangu?"

"Ulikuwa unampigia mama kelele."

"Wewe je? Wewe ulikuwa unamwimbia?"

Hapo Mkasi akageuka. "Unadhani sijaiona filamu yako? Kila nikifungua mdomo unaingiza muziki. Mama ananisifia, wewe unapiga gitaa. Roho mbaya hiyo, wala usiite uhariri."

Fundi wa sauti, aliyekaa meza ya pembeni, alivaa vipokea sauti masikioni ingawa hakuwa anasikiliza chochote.

"Basi nitoe," Kufuli alisema. "Nitoe kwenye filamu yako. Sitaki hata ukucha wangu uonekane humo."

"Na mimi nitoe kwenye yako. Sitaki kuonekana kwenye takataka."

Wote wawili walijua klipu ile haitenganishiki. Kumtoa mmoja ilikuwa ni kuitoa yote. Kufuli alirudi mezani kwake, akaivuta klipu ya kochi nje ya filamu yake, akaziba pengo kwa picha za mama akiwa na kamera begani, akasoma maelezo kwa sauti yake mwenyewe. Hakupata wasiwasi. Sauti ya mama ingebaki kwenye filamu ya Mkasi, kwa sababu Mkasi hajawahi kufanya neno lolote aliloambiwa na yeye. Ukimwambia mvua inanyesha, anaacha mwavuli ili akuonyeshe wewe si chochote. Angemwacha Kufuli hapohapo, bega lake na yote, ili kumkomoa.

Angeweza kuhakikisha. Lakini akifungua toleo la Mkasi jina lake lingeonekana, na Mkasi angejua kwamba amekwenda kuchungulia. Afadhali angemeza kokoto.

Siku ya mama kuruhusiwa ilipofika, Kufuli alikuta Mkasi ameshabonyeza Kubali. Ghala likamwonya kwamba baadhi ya klipu hazitumiki popote na zitaondolewa. Onyo hilo alilibuni mwenyewe, na alikuwa akiwagombeza wafanyakazi wanaolipita bila kusoma. Akalipita, akabonyeza.

Nyumbani mama alikaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, kitambaa cheupe shingoni, amekonda lakini macho yake ni yaleyale. Mama mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, alikaa karibu naye kumsemea. Filamu ya Kufuli ndiyo iliyotangulia. Mama aliitazama ameweka mkono kifuani, akitikisa kichwa kila alipojiona kijana. Ilipokwisha akamgeukia binti yake, akajigusa kooni, akainua nyusi.

"Anauliza sauti yake iko wapi," mama mdogo alisema. "Hospitalini kote amekuwa akiiwaza hiyo tu."

"Inakuja, mama. Iko kwenye ya kaka."

Mkasi, aliyekuwa ameshaanzisha filamu yake, alimtazama dada yake kama mtu aliyezabwa kofi. Akamwonyesha jikoni kwa kidevu.

"Nini iko kwangu?" alimuuliza walipofika, kwa kunong'ona.

"Klipu ya kochi. Ile uliyonifanya bega."

"Niliitoa."

"Uliitoa?"

"Si ulisema nikutoe."

"Tangu lini wewe unanisikiliza?"

"Na wewe je?" Mkasi alisema. "Nilikuambia unitoe, nikajua hutoi. Maisha yako yote hujawahi kunitii. Nikasema itabaki kwako."

Kufuli aliweka kompyuta yake kando ya vikombe vilivyooshwa, akaingia Ghalani. Alitafuta kwa jina la klipu. Akatafuta kwa tarehe. Akapitia mradi mzima kwa kidole, akimlaani kaka yake kimoyomoyo kwa kila mstari mpaka mistari ikaisha.

"Fungua pipa la taka," Mkasi alisema.

"Hakuna pipa la taka."

"Nakala ya akiba."

Kufuli alitikisa kichwa. Akafunga kompyuta.

"Umemfuta mama," Mkasi alisema. "Wewe na hilo jela lako."

"Kidole chako kilitangulia. Nimekuta umeshakubali."

"Kwa sababu nilijua yumo kwako!"

"Na mimi nilijua yumo kwako."

Katika miaka yote ile ya kutunishiana misuli, ilikuwa mara ya kwanza kila mmoja kufanya alichoambiwa na mwenzake. Kufuli alimchukia kaka yake kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia kwa ubishi. Kama angebisha tu, kama kawaida yake, mama angekuwa anacheka sebuleni sasa hivi. Na chini ya chuki hiyo kulikuwa na hofu ya kitoto kabisa, ya kutaka mtu mwingine aende akaseme.

"Nenda ukamwambie," Mkasi alisema.

"Nenda wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Programu ni yako."

"Mkasi ni wako."

Hakuna aliyekwenda. Sebuleni sauti ya Mkasi iliyorekodiwa, ikisimulia maisha ya mama kwa maneno mazito, ilianza kupanda. Ikapanda tena, mpaka vikombe vikaanza kutetemeka. Wakatoka wote pamoja na kusimama mlangoni.

Kwenye televisheni mama alikuwa kijana, anamwelekeza mtu asogee upande wa mwanga, midomo yake inacheza bila neno. Mama mdogo alikuwa ameziba masikio. Mama alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, rimoti mkononi, macho hayabanduki kwenye midomo yake mwenyewe. Alipowaona watoto wake aliwapungia mkono waje wakae, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kisha akaielekeza rimoti kwenye televisheni, akaongeza sauti.