Bomba Jeupe

Kwenye gereji ya fundi mmoja ilikuwa marufuku kupiga mluzi. Wateja walimtania kwamba amekosana na jini, naye alicheka nao. Kwa miaka minne mluzi mmoja ulikuwa haumbanduki masikioni: wa hewa inayovutwa kwa shida kwenye bomba lililobonyea.

Asubuhi moja binti wa marehemu kaka yake, nesi asiye na maneno mengi, alileta gari la baba yake. Lilikuwa limenyooshwa bodi na kupakwa rangi upya.

"Baba mdogo, nitengenezee bomba la kuvutia hewa ya baridi kwenye injini, kama ulilomtengenezea baba."

Fundi akapanga mezani bomba la alumini, bomba la mpira mnene wa lori, na bomba jeupe la plastiki, lile la mafundi wa maji. Hilo la mwisho hata hakujua amelichukulia nini.

Binti akaligusa jeupe. "Nataka hili. Ni jepesi, halishiki kutu. Si ndilo la baba?"

"Ndilo," akajibu, na mluzi ukaanza.

Habari ya ajali kila mtu aliijua: marehemu alikuwa na haraka zake, akataka kulipita lori mlimani. Ndivyo polisi walivyoandika, na ndivyo watu walivyonong'ona msibani. Lakini jioni ile ya ajali fundi alifungua boneti, akaona. Plastiki ilikuwa imelainika kwa joto la injini, ikanyonywa ikawa bapa. Injini ilikosa hewa na gari likazima ubavuni mwa lori. Alifunga boneti kimya kimya kama mwizi. Aliporudi kesho yake kuling'oa, bomba halikuwepo.

Sasa angeweza kusema tu, "Chukua la alumini," mambo yakaisha. Maneno yalishafika ulimini. Akamtazama binti, mwenye paji la uso la baba yake vilevile, akashindwa. Alichemsha maji, akalichovya bomba jeupe, akampa na kitambaa.

"Bonyeza."

Dole gumba likazama.

"Baba yako hakuwa na haraka, mwanangu. Hili ndilo nililomfungia. Niliona, nikanyamaza."

Binti hakulia. Alikwenda kwenye buti ya gari, akarudi na bomba jeupe lililobonyea, alama za kalamu ya fundi zikiwa bado zinasomeka. Akaliweka mezani kando ya yale mengine.

"Jioni ile nilikuona ukifunga boneti. Nililing'oa mimi, baba mdogo. Miaka minne nangoja uniambie. Leo nimekuja kuona kama utanifungia na mimi kama hili."

Fundi alikaa chini, kwenye sakafu yenye oili.

"Nifungie la alumini," binti akasema. "Halafu twende kwa bibi, ukamwambie mwenyewe. Mpaka leo anamwombea mwanawe asamehewe haraka yake."