Televisheni ya Baba Raïssa

Televisheni ilifika siku ya Jumatano, mwezi wa sita mwaka 1995, saa saba mchana, ikiwa imefungwa kwa shuka ya kitanda kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Valéry, ambaye mtaani aliitwa Baba Raïssa, aliishusha akisaidiwa na dereva. Waliipitisha mlangoni kiubavu, wakaiweka juu ya kabati ya vyombo pembeni mwa sebule. Mkewe, Dorothée, alikuwa ameshaondoa vikombe na kutandika kitambaa cha kufuma.

Raïssa na Caritas walisimama mbele ya televisheni mpaka jioni. Walikuwa na miaka minane wote wawili, walikaa dawati moja shuleni, na nyumba zao hapa mtaani Ngagara zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Televisheni haikuwa na antena bado. Kwenye kioo cha kijivu waliona nyuso zao wenyewe, na mlango nyuma yao.

"Siku ya Posho antena itakuwa juu," Valéry alisema. Posho ndiyo Jumamosi yao. "Mutakuya wote, na Mama Caritas pia. Mama Raïssa atapika mandazi."

Caritas hakuwa amewahi kuona televisheni ikifanya kazi. Alikimbia kumwambia mama yake. Spès alikuwa kwenye cherehani, akipindisha sketi ya mtu.

"Tutaona," alisema.

Miezi ile ya vita watu walijibu hivyo kuhusu siku yoyote ambayo ilikuwa haijafika. Wale waliokuwa wa upande wa akina Valéry walikuwa wakiondoka mtaani mmoja mmoja, wengine na magodoro, wengine bila kitu. Kwenye barabara ile ilibaki familia yao peke yake. Valéry alisema yeye ni mtumishi wa serikali, amezaliwa kartiye hiihii, mtaa huuhuu, na hana neno na mtu.

Ijumaa jioni vijana walikuja. Spès alimsukuma Caritas chini ya kitanda. Pale chini Caritas aliona miguu ya cherehani, na mbele zaidi visigino vya mama yake, vimesimama nyuma ya mlango. Nje kulikuwa na mawe juu ya mabati. Kisha mlango wao ukagongwa, polepole, kama anavyogonga jirani anayekuja kuomba chumvi. Ukagongwa tena. Visigino havikusogea.

Jumamosi asubuhi Valéry, Dorothée na Raïssa walikutwa kando ya mto Ntahangwa pamoja na wengine. Gari lilipita likaichukua miili. Spès alimwambia bintiye kwamba akina Raïssa wamehama. Caritas alitazama nyumba yao, akaona kwamba mlango umehama nao, na madirisha, na sinki.

Televisheni haikwenda mbali. Ilikuwa kwa Léonce, nyumba ya kona. Léonce alikuwa dereva wa ofisi moja mjini, mtu mchangamfu, ambaye mvua ikinyesha aliwapakia watoto wa barabara nzima na kuwafikisha shuleni. Antena alikuwa amekwisha kuisimamisha. Saa kumi na nusu alitoka mwenyewe kuwaita watoto.

"Mukuye muone televizyo! Mufute miguu kwanza."

Walikaa sakafuni, watoto kumi na wanne. Léonce alibonyeza kitufe. Kioo kilinguruma, kikajaa chengachenga, halafu picha ikatulia.

Ilionekana sebule ya akina Raïssa, kama inavyoonekana na mtu aliyekaa juu ya kabati ya vyombo. Dorothée alikuwa akipanga viti vya kesho. Valéry alikuwa ameinama, akinyoosha waya wa antena kwa koleo. Raïssa alikuwa amevaa rinda lake la Pasaka, lile la njano, ila hapa lilikuwa la kijivu kwa sababu televisheni haikuwa ya rangi. Alikuwa akipima kwa hatua ni watu wangapi watatosha sakafuni. "Hapa Caritas," alisema. "Hapa mimi."

Watoto walimgeukia Caritas, wakamwonea wivu.

Mawe yalianza kuanguka juu ya mabati ndani ya televisheni. Valéry aliweka koleo chini. Alimwambia mkewe neno, Dorothée akamshika Raïssa mkono, wakatokea mlango wa uani. Picha ilibaki na Valéry peke yake, akisukuma meza hadi mlangoni. Baada ya muda Dorothée alirudi, bado amemshika mtoto.

"Hawako?" Valéry aliuliza.

"Hawako."

"Papa, na televizyo?" Raïssa aliuliza.

"Kesho, mama. Kesho utaiona."

Meza ikasogea yenyewe. Sebule ikajaa migongo ya watu, kukawa na kelele, kisha sebule ikawa tupu. Mwishowe uso wa mtu ukaja karibu, ukakua mpaka ukajaza kioo. Ulikuwa uso wa Léonce. Alikuwa na jasho, na shati la mistari lenye kola iliyochanika. Alinyoosha mikono miwili kukumbatia televisheni, shuka ikaifunika, na kioo kikawa cheusi.

Léonce aliinuka kitini akaizima. Alikuwa amevaa shati lilelile. Mkewe alikuwa ameshaishona kola.

"Imeisha," alisema. "Kesho tena, saa ileile."

Caritas alirudi nyumbani akiwa na furaha kubwa. Aliketi karibu na cherehani.

"Mama, Raïssa yuko ndani ya televizyo. Amevaa rinda ya Pâques."

Mguu wa Spès uliendelea kukanyaga. "Na Mama Raïssa?"

"Naye yuko. Alitoka na Raïssa kidogo, halafu wakarudi. Baba Raïssa akamuuliza, naye akasema, hawako."

Cherehani ilisimama. "Alisema hawako?"

"Ndiyo. Nani hawako, mama?"

Spès alitoa uzi kwenye sindano ingawa haukuwa umekatika, akaulamba ncha, akautunga upya.

Televisheni haikuonyesha kitu kingine. Kila siku saa kumi na moja kasoro ilikuwa ni Ijumaa ile, tangu viti hadi shuka. Watu wazima walianza kuja pia, kwa sababu burudani ilikuwa imepungua mjini na bia ilikuwa imepanda bei. Walisema picha ni safi kuliko walivyotarajia kwa antena ya waya. Baadhi ya vijana walijitambua kwa migongo yao, wakaonyeshana. Caritas alikaa mbele kabisa. Siku moja alibeba karanga kwenye karatasi, akazifungua sakafuni chini ya televisheni. Raïssa hakuzichukua. Zilikaa pale mpaka kuku wa Léonce alipoingia.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Léonce mwenyewe. Alipenda mpira. Alimleta fundi kutoka mtaa wa Bwiza, Mkongomani aitwaye Mawazo, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mawazo aliigeuza televisheni, akafungua mgongo wake. Harufu ya ndagala wa kukaanga kwa mafuta ya mawese ilitoka na kuenea chumbani. Kila mtu aliijua. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Dorothée.

Caritas alisogea. "Unaweza kuwatosha, watoke inje?"

Mawazo alimulika ndani kwa tochi, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mutoto wangu, mu ndani hamuna mutu. Ni waya na vumbi tu. Wao beko ku kioo." Alimgeukia Léonce. "Patron, hii haina ugonjwa. Inaonyesha kile iliona. Iko nzima."

"Basi ifanye ione kitu ingine."

"Ile siwezi."

Alirudisha parafujo zote. Walimletea Fanta, akasema tumbo lake si zuri leo, akaondoka kwa miguu.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa mwalimu aliita majina. Alipofika kwa Raïssa, Caritas alisimama, akasema Raïssa yuko kwenye televisheni.

"Najua," mwalimu alisema. "Nilimuona jana." Alipiga mstari juu ya jina kwa rula, akamwita msichana mwingine aje kukaa kwenye dawati la Caritas. Msichana yule alikuwa na mkoba mzuri na hakuwa na kosa lolote. Caritas alimpisha, akalaza kichwa juu ya mbao, na hapo ndipo alipoanza kulia. Alilia mpaka kengele ya saa sita. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewa hivyo kulia.

Jioni ile Spès alivaa pagne, kitenge chake cha kanisani, akamshika bintiye mkono, wakaenda kwa Léonce. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Prudence, mkuu wa kartiye, alikuwepo pia. Alikuwa amepata malalamiko na amekuja kujionea. Wote wawili walipewa viti.

Walitazama. Viti vikapangwa, mawe yakaanguka, Dorothée akatoka na mtoto. Ndani ya televisheni Valéry alikuwa akisukuma meza, na kwa mbali, nje ya picha, ilisikika sauti ya mlango ukigongwa polepole. Ukagongwa tena. Dorothée akarudi.

"Hawako?"

"Hawako."

Spès alisimama. "Tulikuwako," alisema.

Watu walitazama mbele.

"Mi nilikuwa nyuma ya mulango. Nilimusikia anapumua. Nilisikia mutoto anapiga chafya. Tulikuwako."

"Mama Caritas, ikaa," mke wa Léonce alisema kwa upole. "Unaziba wenye beko nyuma."

Spès aliketi. Caritas aliushika mkono wa mama yake, akaukuta baridi kama chuma cha cherehani. Uso wa Léonce ulikua, ukajaza kioo, shuka ikafunika. Prudence alijikohoza. Alisema yeye ameona, na kwamba picha haina tatizo. Malalamiko yalihusu sauti. Aliomba ipunguzwe kidogo wakati wa sala ya jioni. Léonce alikubali, wakapeana mikono.

Tangu siku hiyo Spès alikwenda kila jioni. Alifunga cherehani saa kumi, akanawa uso, akaenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na kioo. Dorothée alipotoka na mtoto, Spès aliinama mbele na kusema, "Ingieni, ingieni," kwa sauti ya chini, ya mtu anayekaribisha wageni huku wengine wamelala. Dorothée alirudi, akasema hawako. Kesho yake Spès alisema tena.

Miaka ilipita. Caritas alirefuka, alianza shule ya sekondari, akapata matiti na chunusi. Raïssa aliendelea kuwa na miaka minane, akipima sakafu kwa hatua. Kuna wakati Caritas aliacha kwenda, kwa sababu aliuonea haya urefu wake. Karibu na mwisho wa vita walikuja watu wawili kutoka ofisi moja, wakiandika mali za waliokosa warithi. Caritas aliwapeleka mwenyewe nyumba ya kona, akakaa nao mpaka shuka ilipofunika. Mmoja alimuuliza Léonce kama ana karatasi za kifaa hicho. Léonce alisema hana. Yule mtu aliandika: televisheni moja, si ya rangi, inafanya kazi. Hawakurudi.

Mwaka 2004 Léonce alinunua televisheni mpya, ya rangi, yenye rimoti. Aliishusha ile ya zamani sakafuni, akaiweka mpya juu yake, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa pana na imara. Hakuiondoa kwa sababu hata ikichomolewa umeme iliwaka saa yake, na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Watu walizoea kutazama ya juu.

Jioni moja Caritas alikwenda kumchukua mama yake. Sebule ilikuwa imejaa wageni. Spès alikuwa amepiga magoti sakafuni, kwa kuwa kioo cha zamani kilikuwa chini sasa. Dorothée alikuwa ametoka uani na mtoto.

"Ingieni," Spès alisema.

"Mama Caritas," Léonce alisema, akiwa na rimoti mkononi, bila hasira yoyote. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. "Sogea kidogo ku kando, tafadhali. Mupira inaanza."

Spès alisogea.