Mlango Chini ya Ngoma

Sista alipofunga pazia, jua lilikuwa limeshapanda na nyumba nzima ilikuwa kwenye pilikapilika za kutoka. Kule koridoni mmoja alikuwa anatafuta kiatu, mwingine anagombana na bomba lisilotoa maji. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anarudi. Alivua viatu, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akanywa chai ya rangi haraka haraka, kisha akajitupa kitandani.

Wapangaji wenzake walimwita Sista ingawa hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu wa wodi, zamu ya usiku. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mashuka, kumwaga mabakuli, na kuwageuza wagonjwa wasiojiweza ili wasichubuke migongo. Zamani wodi moja ilikuwa na wahudumu wawili. Siku hizi mhudumu mmoja ana wodi mbili, na huyo bwana aliyepunguza watu hajawahi kumgeuza mgonjwa hata mmoja. Wiki iliyopita matroni alimkuta Sista amesinzia kwenye kiti, kichwa amekilaza juu ya toroli la mashuka. Hakumfokea. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Sista.

"Nikikukuta hivi tena, utaenda kulala nyumbani moja kwa moja."

Kwa hiyo kulala mchana hakukuwa starehe tena. Kulikuwa sehemu ya kazi, isipokuwa sehemu hii hailipwi.

Macho yalikuwa yameanza kuwa mazito pale dari lilipotoa sauti. Du. Kimya kidogo. Du-du. Du.

Ungekuwa muziki, angeutukana na kulala. Huu haukuwa muziki. Ulikuwa mdundo mtupu, hauna wimbo wala filimbi, unashuka kwenye ukuta, unaingia kwenye miguu ya kitanda na kumfikia kwenye meno. Kibaya zaidi, haukuwa na utaratibu. Mara unakwenda vizuri mpaka mtu anauzoea, mara unakatika, unaanza upya, kana kwamba huko juu kuna mtu anayekusudia kumchokonoa. Sista alijifunika mto. Alijaribu pamba za masikioni. Mdundo haukujali masikio, ulipitia kwenye mifupa.

Alikuwa ameshamlalamikia msimamizi wa nyumba, yule ambaye wapangaji walimwita Bwana Funguo kwa jinsi alivyopenda kutembea na shada la funguo kiunoni, zikilia kama mbuzi mwenye kengele. Jambo la ajabu ni kwamba Bwana Funguo alifurahi. "Malalamiko kama haya ndiyo tunayoyataka, mama," alimwambia. "Mimi nitakuja mwenyewe." Tangu hapo hakuonekana.

Du. Du-du-du.

Sista akainuka. Akavaa sweta juu ya gauni la kulalia, akatia miguu kwenye ndala na kupanda ngazi huku anajisemea maneno ambayo mama mtu mzima hapaswi kuyasema.

Mlango ulifunguliwa na kijana mwembamba aliyenyolewa vizuri mno, hedifoni zikining'inia shingoni, fimbo mbili mkononi. Alikuwa kinyozi, na saluni alikofanyia kazi ilifunguliwa adhuhuri na kufungwa watu walipoisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi wewe mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Kinyozi akapigwa na butwaa. "Mimi tena?"

"Unanipigia ngoma kichwani kila asubuhi halafu unaniuliza wewe tena?"

Kijana akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyesingiziwa jambo ambalo ushahidi wake anao mfukoni. "Karibu ndani, mama. Njoo ujionee mwenyewe. Hizi ngoma hazina sauti!"

Kweli, katikati ya chumba kulikuwa na chuma kilichoshikilia visahani vya mpira, na chini yake pedali ya mguu. Kinyozi akagonga kisahani kwa fimbo. Pat. Kijiko kikianguka juu ya mkeka kingelia zaidi. Alieleza kwa fahari kwamba alikuwa na ngoma za kawaida, zile kubwa, akaziuza kwa sababu ya majirani. Hizi ni za umeme. Sauti yote inakwenda kwenye hedifoni, mwenye kusikia ni yeye peke yake.

"Mimi naishi na watu, mama. Nina adabu zangu."

Sista aliutazama uso ule uliojaa wema, hasira ikapungua. Kijana hakuwa anadanganya. Hakuwa anajua hili wala lile.

"Vua viatu," akamwambia.

"Nivue viatu?"

"Vua, twende chini ukalale kitandani kwangu. Na usicheke."

Kinyozi alikwenda kwa aibu, akajilaza pembeni kabisa mwa kitanda cha mama wa watu, mikono juu ya kifua. Sista akarudi juu peke yake, akakaa kwenye kile kiti kidogo na kuikanyaga pedali. Hakujua kupiga, lakini kuukumbuka ule mdundo hakukumpa taabu. Alikanyaga kama alivyokanyagiwa, pamoja na kukatika kwake na kuanza upya.

Aliposhuka, kijana alikuwa amekaa kitako, ameshika kichwa.

"Mama, ni hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe unakuwa kazini usiku kucha?"

"Sasa umeelewa."

"Nisamehe, mama. Wallahi sikujua. Kule juu sisikii kitu." Alishusha miguu sakafuni. "Jumamosi nina majaribio. Bendi ya hoteli wanatafuta mpiga ngoma. Usiku natoka saluni watu wameshalala, kwa hiyo muda wangu ni huu tu. Lakini basi. Nitaacha."

Alilitamka lile neno kama mtu anayetema jino. Sista naye alilala macho kwa miezi akiliomba neno hilo hilo, na sasa limekuja, halimpi raha. Mtoto wa mtu anataka kazi, yeye anataka kulinda kazi. Kilichowatenganisha ni zege jembamba tu, ambalo mwenye nyumba alilibania saruji.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kinachoniumiza ni ile pedali. Mguu unapiga sakafu, na sakafu ndiyo dari langu. Tuipe kitu cha kulalia."

Wakaanza na kipande cha godoro kuukuu. Walikubaliana kwamba Sista akisikia, atagonga dari kwa mpini wa ufagio. Alishuka, akatega sikio, na hazikupita dakika akagonga kwa nguvu. Godoro lilikuwa linabonyea mpaka chini, pedali inaanguka chali, na mdundo uko pale pale.

Ndipo Sista akakumbuka wodi. Mgonjwa aliyelala sana hupewa mto wa hewa, ule wa duara, na ujinga wa kila mhudumu mpya ni kuujaza mpaka ukakamae, akidhani anamfadhili. Mto uliokakamaa ni jiwe. Unatakiwa uubonyeze kwa kiganja, uzame kidogo, lakini kiganja kisiguse kitanda.

"Tunataka hewa," akasema. "Tena hewa iliyolegea."

Kinyozi alivuka barabara kwa fundi wa pancha na kurudi na tyubu kuukuu za pikipiki zenye viraka chungu nzima, pamoja na pampu ya kuazima. Kilichobaki kilikuwa ubao wa kuweka juu ya tyubu. Kwenye kona ya ngazi ulikuwepo mlango wa zamani usio na kitasa, uliotupwa hapo miaka na mikaka, watu wote wanapita ubavu ubavu kwa ajili yake. Wakaubeba.

Mara ya kwanza kijana alijaza tyubu mpaka zikawa ngumu, na Sista alipogonga dari kule chini nusura alitoboe. Akapanda mwenyewe, akapiga magoti na kutoa hewa kidogo kidogo, huku anabonyeza kwa kiganja kama anavyofanya kazini. Wakaulaza mlango juu ya tyubu, ngoma juu ya mlango.

"Piga," akasema. "Piga kwa roho yako yote."

Alishuka, akalala, akasubiri. Alisikia gari likipita. Alisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Akadhani kijana ameona haya kuanza, akapanda tena, akamkuta kinyozi amefumba macho, jasho linamtiririka, mguu unakwenda kama cherehani. Sista akasimama pale mlangoni na machozi yakamlengalenga. Kulala! Leo atalala!

Hakulala. Aliposhuka, koridoni funguo zilikuwa zinalia.

"Nimekuja, mama," alisema Bwana Funguo, akiingia chumbani kwake na kukaa kwenye kiti bila kuambiwa. "Lile suala lako la ngoma. Wewe sema tu mbele yangu kwamba anakusumbua, nami namtoa mwisho wa mwezi. Chumba chake kina mtu tayari, mtu wa maana, anaongeza kodi bila kuombwa. Mwenye nyumba anangoja sababu tu."

Kumbe furaha yake ilikuwa hiyo. Sista alimtazama, akaona usingizi wake umetafutiwa mnunuzi bila yeye kujua.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

"Ulilia wiki ile."

"Wiki ile nilisikia. Leo sisikii. Wewe unasikia?"

Bwana Funguo akainua uso kutazama dari. Alitega sikio moja, akatega la pili. Kule juu kinyozi alikuwa anapiga kwa roho yake yote.

"Hayupo," akasema Bwana Funguo.

"Yupo, anapiga ngoma sasa hivi. Nenda ukaone."

Hapo Sista alikosea, na alijua amekosea mara tu alipoyasema. Furaha ilimponza. Bwana Funguo alipanda, Sista akimfuata, akaingia chumba cha kinyozi, na hakuitazama ngoma wala hakuuliza habari ya kelele. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini.

"Huu mlango ni wa nani?"

"Ulikuwa umetupwa ngazini," kinyozi akajibu.

"Sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuuliza ni wa nani. Kila ubao katika nyumba hii ni wa mwenye nyumba. Hii ni mali ya watu. Urudishe ulikoutoa, sasa hivi, nikiona. Na wewe, mama, kama mnapendana hivyo, mwisho wa mwezi mnaweza kuhama pamoja."

Kinyozi aliurudisha mlango ngazini, Bwana Funguo akimfuata nyuma kama anayesindikiza mwizi. Kisha akaketi kwenye benchi la uani, mahali anapoweza kuwaona wanaopanda na wanaoshuka.

"Mama, wewe nenda kalale," alisema kinyozi. "Leo sipigi. Jumamosi Mungu anajua."

Sista alirudi chumbani kwake, akasimama katikati. Mwili ulikuwa unamuuma kila kiungo. Angeweza kulala sasa, na kesho pia, na hata keshokutwa, mpaka chumba cha juu kipate mtu wa maana mwenye redio ya maana. Alijisikia mnyonge, na unyonge ule ulimkera kuliko mdundo wowote. Macho yake yakatua kwenye mlango wake mwenyewe.

Ulikuwa mlango wa bawaba za kuchomeka, zile ambazo ukiunyanyua mlango juu unatoka mzima mzima, hauhitaji bisibisi. Aliufungua wote, akaushika pande mbili, akajikaza kama anavyojikaza kumnyanyua mgonjwa mzito. Ukatoka.

"Mama, unafanya nini?" Kinyozi alikuwa amekuja mbio aliposikia kishindo.

"Shika upande huo."

"Lakini huu nao ni wa mwenye nyumba!"

"Ni wake. Lakini huu nimeukodi. Umo kwenye kodi yangu, na sijauuza wala sijautoa nje ya nyumba. Mchana mimi nipo, chumba hakihitaji mlango, kinahitaji usingizi. Jioni nikienda kazini, unaurudisha. Umenielewa?"

"Na watu wakipita wakakuona umelala?"

"Nitatundika shuka. Watu wa wodini kwangu hulala mbele ya halaiki, na mimi ni nani?"

Wakaupandisha. Bwana Funguo aliwaona, akainuka, akaona ni mlango wa chumba cha mama mwenyewe, akaketi tena.

Sista alipigilia shuka kwenye fremu, akalala. Koridoni watoto wa chekechea walikuwa wametoka shule, mtu anakaanga kitunguu, mwingine anasimulia ugomvi wa jana kazini kwa sauti ya juu. Kila neno liliingia ndani. Hakuna lililofika kwenye meno. Alingoja mdundo, akaungoja kwa kiburi kidogo, na katika kuungoja huko akalala fofofo.

"Mama. Mama, muda umefika."

Kinyozi alikuwa nyuma ya shuka, ameegemeza mlango begani. Alikuwa ameomba ruhusa saluni ili aje amwamshe, na bosi wake alimruhusu kwa sharti la kumkata mshahara. Sista aliamka na alama za mto shavuni. Usingizi haukuwa umetosha. Siku moja isingelipa deni la miezi, na mbele yake kulikuwa na wodi mbili zinazomngoja. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, na vifungo vya sare alivifunga bila kukosea tundu.

Waliuchomeka mlango kwenye bawaba. Bwana Funguo alikuja mpaka pale, akasimama mikono nyuma, akiutazama kuanzia juu hadi chini, akitafuta kosa. Akaujaribu kwa kidole. Ukafunguka, ukafungika.

"Nitamwambia mwenye nyumba," akasema hatimaye.

"Utamwambia nini?" Sista akauliza, kwa kutaka kujua kweli.

Bwana Funguo akausukuma mlango tena kwa kidole. Sista akatoa ufunguo wake, akaufunga mlango mara mbili, akamuaga kwa heshima zote na kwenda kazini.