Taulo la Bwana Afya

Mume wangu hunicheka kila nikiwapigia panya wangu taulo pasi. Acha acheke. Yeye hakumjua mama.

Mama alikuwa dobi, na panya kwake alikuwa adui namba moja: atoboe shati moja la mteja, jina lako limekwisha mtaa mzima. Kwa hiyo baba aliponiletea panya mweupe wa kufuga, mama alishika kiuno. "Huyu ataoshwa kila siku. Akinuka tu, anatoka. Na usinililie!"

Baba, mtu wa utani, alimwita Bwana Afya, maana panya huyo alikagua kila kona akinusanusa kama mkaguzi wa usafi. Mimi nilimpenda kufa.

Mama hakuniamini kwa usafi, akamwosha mwenyewe kwa sabuni ya mche. Loo! Bwana Afya aliteleza kwenye beseni, akapiga kelele, maji yakamwingia masikioni. Wiki haikuisha ngozi ikapauka, akawa anajikuna, halafu chafya mfululizo. Akajikunyata pembeni, kula hataki. Nikaangua kilio. "Mama, unamuua!"

Mama akamnyanyua taratibu, akapapasa manyoya yake kama anavyopapasa kitambaa cha mteja mgeni.

"Kumbe huyu ni sufu," akasema. "Na mimi namfua kama jinzi."

Akamweka kifuani, ndani ya blauzi, akapiga pasi siku nzima naye humo humo. Akapona.

Tangu hapo Bwana Afya alijisafisha mwenyewe, mama akimfuta mkia tu kwa kitambaa chenye unyevu. Akichafuka kweli ndipo alipooga: maji vuguvugu ya kumfika tumboni, kitambaa chini ya beseni asiteleze, sabuni laini isiyonukia, kichwani hata tone. Kisha mama alipiga taulo pasi, akalipima joto shavuni mwake, akamfunga. "Sikupendi, unasikia?" alimwambia, huku akimkausha nyuma ya masikio.

Panya hawaishi sana, jamani. Asubuhi moja nilimkuta amekufa, mzee wa watu. Nikaleta boksi la viatu, nikilia, nimlaze humo.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Utamlazaje na baridi hii?"

Akawasha pasi. Akalinyoosha lile taulo, akalipima shavuni, akalishikilia hapo muda mrefu kuliko kawaida. Ndipo akamfunga.