Jina la Mama Kwenye Kaseti

Hakuna aliyemlazimisha Ambindwile. Hilo ndilo lililomkera baadaye, kwamba kila alipotafuta wa kumtupia lawama, alijikuta yuko peke yake.

Alikuwa amejitoa kwenye kundi lake la rap la Mbeya akashuka Dar es Salaam kutafuta albamu yake mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2001. Redio za watu binafsi zilikuwa zimechipua kila kona, na vijana waliokuwa wakiitwa wahuni kwa sababu ya kurap walikuwa wameanza kuitwa wasanii. Prodyuza aliyempokea aliitwa Farhan, mtu mpole, mwenye studio ya chumba kimoja kilichogongelewa magodoro ukutani ili kelele za mtaani zisiingie.

Ambindwile alimchania nyimbo alizotoka nazo nyumbani. Moja ilihusu mvua ya Rungwe, nyingine wachuma chai, na nyingine mama yake, Alinanuswe, aliyekuwa akijitwisha ndizi kutoka Masukulu hadi soko la Tukuyu ili yeye na dada yake wasome. Farhan alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Unachana vizuri," akasema. "Lakini hii ni taarifa ya bwana shamba. Watu wanataka kulia, ndugu yangu."

Kisha akatoka kwenda kula. Aliporudi, Ambindwile alikuwa amekwisha kutunga. Wimbo ulikuwa wa kijana aliyezaliwa jalalani na mama mlevi wa gongo, mama ambaye siku moja alikutwa amekufa mtaroni, akazikwa na jiji bila jeneza wala mtu wa kumlilia. Kiitikio kilihitaji jina. Alikuwa amejaribu majina mengi, yote yakapwaya kwenye mdundo, mpaka alipotamka lile alilolizoea kuliko yote. *Alinanuswe, nani alikufukia?* Lilikaa sawasawa. Farhan alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Hapo sasa," akasema.

Ambindwile alicheka kwa furaha. Mama yake hakumpitia akilini hata kidogo. Alikuwa akifikiria mdundo tu.

Albamu ilitoka kwa jina la Nimejizaa. Wimbo ule, ambao watu waliuita wa kaburi, ulianza kupigwa asubuhi, ukapigwa mchana, ukaombwa na wasikilizaji jioni. Kaseti zikafika hadi Kiwira, zikawa zinapigwa kwenye vibanda vya barabarani. Mtangazaji mmoja alimwita kwa mahojiano, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Pole sana kwa kumpoteza mama." Pale palikuwa na nafasi ya kusema ni hadithi tu. Ambindwile aliiona kabisa ile nafasi. Akajibu, "Asante. Ni mapenzi ya Mungu."

Miezi ikapita, akaitwa kutumbuiza Tukuyu. Alifikia gesti badala ya kwenda nyumbani, akajiambia kwamba ni kwa sababu ya uchovu. Asubuhi ya onyesho, dada yake Lusungu, aliyekuwa muuguzi hospitali ya Makandana, alimfuata. Hakukaa.

"Mama mdogo Veronika alikusikia redioni kule Kyela," alisema. "Alikusikia ukipewa pole, na wewe ukaipokea."

Ambindwile akajikalisha ukingoni mwa kitanda.

"Akakusanya ndugu. Wakaja wanane au tisa, wamejifunga khanga viunoni, wanalia tangu barabarani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Aliposikia vilio akatoka mbio. Unajua alidhani amekufa nani?"

"Dada..."

"Alidhani ni wewe. Umekufa Dar, na wao ndio wanaleta habari. Akajitupa chini pale uani kwenye tope, akawa anaita jina lako. Wao wanamwona marehemu wao anagaagaa, wengine wakakimbia. Mpaka watu waelewane, mama alikuwa amepoteza sauti." Lusungu akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Halafu akainuka akawapikia. Wageni hawaondoki na njaa, alisema."

Ambindwile aliangalia sakafu. Alitaka kuuliza kama mama amekasirika, akaona hata swali lenyewe ni la kipumbavu.

Onyesho lilikuwa alasiri. Mvua iligonga bati la ukumbi, na watu walikuwa wamejaa hadi milangoni, wanafunzi, makonda, akina mama wa sokoni waliofunga biashara mapema. Aliimba nyimbo nyingine zote. Ule wa kaburi alikuwa ameamua kuuruka, lakini watu wakaanza kuuita kwa kupiga miguu, na mwandaaji akiwa pembeni akawa anamwonyesha kwa mikono, piga, piga. Biti ikaachiwa kabla hajasema lolote.

Akachana ubeti wa kwanza akiangalia juu ya vichwa vya watu. Kiitikio kilipofika, mdomo ulikataa. Akalimeza jina.

Ukumbi ukamtamkia.

"Alinanuswe!" walipaza wote kwa pamoja, kwa maana maneno waliyajua kwa kichwa. Wengine waliimba kwa dhati huku wameinua mikono. Lakini wale akina mama wa sokoni, waliokaa na mama yake kila siku ya gulio, walilisema huku wakitazamana na kucheka, mmoja ameshika shavu. Likaja tena. "Alinanuswe!" Masikio yake yaliwaka moto. Aliteremsha kipaza sauti akabaki amesimama katikati ya jukwaa, na watu wakadhani ni majonzi, wakampigia makofi.

Kesho yake alikwenda Masukulu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yote yakampotea alipomkuta mama yake mlangoni.

"Ugonile, mwanangu."

"Ndaga, juba," akaitikia Ambindwile salamu ya Kinyakyusa, akimwita mama kama alivyozoea tangu utoto, akapiga goti.

Mama akamkaribisha ndani, akampa maziwa ya mgando, akamuuliza safari, akamuuliza afya. Sauti yake bado ilikuwa na mkwaruzo. Kisha akaenda chumbani akarudi na redio kaseti ya Lusungu.

"Nimesikia vipande tu kwa majirani," alisema. "Wewe niwekee yote."

"Juba, hapana. Tafadhali."

"Niwekee."

Wakasikiliza pamoja, upande wa kwanza, kaseti ikageuzwa, upande wa pili. Wimbo wa kaburi ulipofika, mama hakumtazama. Alisikiliza hadi jina lake lilipoisha kutajwa, akauliza jambo moja.

"Pombe, mwanangu? Mimi?"

Ambindwile alijifunika uso kwa viganja. Machozi aliyokuwa akiyauza mwaka mzima yalimtoka sasa bila mdundo wowote, akayaonea aibu hayo pia.

"Lilikaa vizuri," alisema. "Jina. Lilikaa vizuri kwenye wimbo, basi."

"Ni jina zuri," mama akakubali. "Alinipa babu yako."

"Nitakwenda redioni niseme uko hai."

"Redio haikuja kunililia. Alikuja Veronika. Oga, twende Kyela."

Baadaye alikwenda kweli redioni, Mbeya, akasema kila kitu. Mtangazaji alicheka, akasema wasanii bwana kwa vituko, akaupiga wimbo uleule kumsindikiza. Farhan naye alimwambia kwa simu kwamba kaseti zilizotoka zimetoka. Lakini siku ile alikuwa bado hajayajua hayo. Alimfuata mama yake hadi Kyela, kwenye joto na minazi na michikichi, akaingia nyumba moja baada ya nyingine za watu waliojifunga khanga kwa ajili ya uongo wake. Katika kila nyumba mama alikaa kimya akamwachia yeye aseme. Wengine walimsamehe haraka mno, jambo lililomuumiza zaidi. Mzee mmoja hakumpa mkono.

Kwa Veronika ndiko walikomalizia. Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

"Sasa wewe," alisema, "siku dada yangu akifa kweli, nitamlilia na nini? Machozi yangu yote nimeyamwaga njiani."

 Ambindwile alikaa kwenye kigoda, kichwa chini.

"Utalia tu," mama akamwambia mdogo wake. "Wewe na machozi mlishawahi kukosana?"

Veronika alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, na Alinanuswe akacheka kwa sauti yake iliyokwaruza, mpaka wakawa wanashikana mabega, mmoja akimkumbusha mwenzake nani alikimbia na nani aliangukia kwenye lundo la maganda ya ndizi. Walimwacha Ambindwile pale kigodani. Hakuna aliyemwambia acheke, wala hakuthubutu.